Injini uliyoifunga mwenyewe imegoma: anza na dalili, urudi mezani

Kasoro nyingi za injini iliyofungwa na mtu anayejifunza huzaliwa mezani, bloku ikiwa bado tupu, halafu hujificha mpaka siku ya kupiga stata. Ndiyo maana hapa nimepanga dalili kwa mfuatano utakaozikuta: mezani kwanza, kisha siku ya kuwasha, kisha wiki za mwanzo barabarani. Kwenye kila dalili, sababu ya juu ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi. Usiruke ukaenda ya chini kwa sababu inaonekana ya kitaalamu.

Mfano wangu ni Toyota 5A-FE, ile ya cc 1498 iliyo kwenye Corolla 110 na ndugu zake. Bloku (kiwiliwili chenye silinda) ni ya chuma cha kutupwa, hedi (kichwa kinachoifunika, chenye valvu) ni ya aluminiamu, valvu 16, na spea zake zimejaa kuanzia Gerezani Dar es Salaam mpaka Grogan Nairobi. Ina huruma pia: taimingi beliti ikikatika au ukikosea meno, valvu hazikutani na pistoni. Ukiwa na injini nyingine, mantiki ni ileile lakini namba tafuta za kwako.

Krenki ni nzito au imekwama, na bado uko mezani

Injini yangu ya kwanza ilinikwamia kwenye kepu ya tano, kati ya vile vifuniko vinavyoshika krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwenye bloku. Nne zilishaingia, krenki inazunguka kwa vidole viwili kama pangaboi. Nikabana ya tano, kimya. Nikatafuta bomba la kurefushia spana. Mzee mmoja mchongaji, alikuwa pembeni anakunywa chai, akaniuliza, "Kijana, unaifunga au unaibana?" Nikafungua. Nyuma ya beringi, kile kipande chembamba kinachokaa kati ya kepu na krenki, kulikuwa na chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Upande wa pili, kwenye uso laini wa beringi, ilikuwa imeacha kidoa kinachong'aa. Basi. Chembe moja ilitosha kufunga krenki nzima.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni uchafu. Bloku ikitoka kuchongwa, watu huipiga petroli na upepo wa kompresa wakaona imetakata. Petroli huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe kwenye mikwaruzo ya silinda. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, piga brashi ndani ya silinda na ndani ya kila njia ya oili, kisha futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kikitoka cha kijivu, rudia. Mimi hurudia mara nne au tano. Ukimaliza, paka oili papo hapo, maana chuma kitupu kinashika kutu ukiwa unakwenda kutafuta chakula cha mchana.

Sababu ya pili ni kepu kubadilishana nafasi au kugeuzwa. Zina namba 1 hadi 5 na mshale. Mshale unatazama upande wa beliti. Kepu ilichongwa pamoja na bloku yake, haiazimwi.

Ya tatu ni saizi. Krenki iliyochongwa robo inataka beringi za 0.25, na krenki ya standadi inataka beringi za standadi. Boksi linaweza kuandikwa kitu kimoja na ndani kukawa na kingine, kwa hiyo soma mgongo wa beringi yenyewe. Kama huna mikromita, nunua plastigeji, ule uzi wa plastiki unaolazwa juu ya krenki, unabana kepu, unafungua, unapima upana uliobonyea. Usizungushe krenki uzi ukiwa ndani. Kwa beringi kuu za injini hii nafasi ya oili inatakiwa iwe kati ya mm 0.015 na 0.033.

Ya nne ni zile washa za pembeni, za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma, kwenye kepu ya 3. Mifereji yake inatazama nje, kuelekea krenki. Ukizigeuza, injini itazunguka tu vizuri, halafu zitajila zenyewe kila ukikanyaga klachi.

Namna ya kumtafuta mwizi: legeza kepu zote, bana moja baada ya nyingine ukianza na ya katikati, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kubana), Nm 60, kwa hatua mbili tatu. Kila ukibana moja, zungusha. Itakapokuwa nzito, umempata. Wakati unafungua, angalia pia vipande vya juu, vile vinavyokaa kwenye bloku: ndivyo vyenye tundu na mfereji wa oili. Ukivibadilisha na vya chini, tundu la oili linazibwa na hutajua mpaka krenki iungue.

Kama krenki peke yake ilikuwa laini na imekuwa nzito baada ya pistoni, tafuta kepu za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zilizobadilishana. Namba za konrodi na kepu lazima zikae upande mmoja. Kisha tafuta ringi, zile pete za pistoni. Kila ringi huingizwa kwanza yenyewe ndani ya silinda, ikanyooshwa kwa kichwa cha pistoni, pengo likapimwa kwa fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi). Pengo likiwa dogo kuliko kipimo cha kitabu, ringi ikipata joto itagusana ncha na kukwaruza silinda. Na pistoni ikigoma kuingia, usiongeze nyundo. Ringi imeshatoka kwenye kibano, na pigo moja zaidi linaivunja.

Simama hapa, upeleke kwa mchongaji: beringi zote safi, saizi sahihi, kepu ziko mahali pake, na bado krenki ina sehemu nzito na sehemu nyepesi katika mzunguko mmoja. Krenki imepinda au njia ya beringi imepotoka. Hilo halinyooshwi nyumbani.

Stata inagonga "klak" na injini haizunguki

Waya wa shaba wa kuunganisha injini na bodi umesahaulika mezani. Nasema mezani kwa sababu nimeukuta kwenye ndoo ya boliti zaidi ya mara moja. Dalili yake nyingine ni kebo ya eksileta kupata moto, kwa sababu umeme wa stata unatafuta njia ya kurudi.

Kisha betri na vichwa vyake. Kisha, na hii ni ya hatari, kimiminika ndani ya silinda: maji yaliyoingia wakati wa kufunga hedi, au petroli iliyovuja kwenye nozeli. Kimiminika hakibanwi. Toa plagi zote nne, sogea pembeni, zungusha. Kikiruka nje umepata jibu. Ukilazimisha stata plagi zikiwa ndani, konrodi ndiyo itakayopinda. Na petroli ikiruka karibu na cheche, utahitaji mtungi wa zima moto. Uweke karibu kabla hujagusa funguo.

Taa ya oili haizimi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo injini mpya nyingi hufa ndani ya dakika mbili, mwenyewe akiwa anachukua video.

Kanuni: injini mpya haiwashwi kabla taa ya oili haijazimika kwa stata. Toa plagi zote ili izunguke kirahisi. Chomoa soketi ya distribyuta (kigawa cheche) ili kusiwe na cheche wala petroli. Piga stata sekunde kumi, pumzisha dakika, rudia. Taa ikizima, rudia mara mbili zaidi, ndipo urudishe plagi. Isipozima baada ya majaribio sita au saba, acha. Usijiambie kwamba ikiwaka itavuta yenyewe.

Anza na swichi ya presha ya oili, kwa sababu ni bure. Chomoa waya wake mmoja: taa lazima izime. Gusisha waya kwenye chuma cha injini: taa lazima iwake. Ikifanya hivyo, waya ni mzima. Toa swichi, funga geji ya kawaida ya presha kwenye tundu lake. Stata ikizunguka, sindano lazima isogee. Injini ikishawaka na kupata moto, kitabu cha injini kinataka angalau kPa 29 ikiwa slo (eksileta haijakanyagwa), karibu psi 4, na kPa 245 hadi 490 kwenye mizunguko 3000.

Sindano isiposogea kabisa, sababu kwa mfuatano wake:

- Pampu ni kavu. Ya injini hii inazungushwa na krenki yenyewe na iko mbele, inavuta oili kutoka chini kwenye sampu (bakuli la oili). Ikifungwa kavu inazungusha hewa. Ilitakiwa ijazwe oili au mafuta ya mgando mezani. Sasa toa filta, mimina oili polepole kwenye tundu la kutokea pampu, rudisha filta ikiwa imejazwa, jaribu tena.
- Gasketi ya chujio la kuvutia haipo au imekaa upande. Pampu inavuta hewa. Ni boliti mbili nati mbili tu, lakini sampu lazima ishuke.
- Silikoni. Ukipaka mstari mnene kama dawa ya meno, nusu yake hubanwa kuelekea ndani, inakauka, inadondoka, inaziba chujio. Mstari wa mm 3 mpaka 4 unatosha.
- Plagi za njia za oili zilizotolewa wakati wa kuosha bloku na hazikurudishwa. Zihesabu siku ya kuzitoa, uandike idadi ukutani kama mimi. Ikikosekana moja ya ndani, oili inamwagika kwenye sampu bila kufika kwenye beringi na nje huoni hata tone.

Sindano ikisogea lakini presha ikabaki chini injini ikiwa ya moto, nafasi ya beringi ni kubwa mno au valvu ya kupunguzia presha kwenye pampu imekwama wazi. Kuongeza oili nzito ili taa izime ni kumfunga mgonjwa mdomo. Teremsha sampu, fungua kepu moja ya konrodi na moja ya mein (beringi kuu za krenki), utazame.

Simama: taa ikiwaka injini ikiwa inanguruma, zima funguo kwanza, maswali baadaye.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki, au inapiga fataki

Fataki kwenye sailensa au kwenye bomba la hewa ni habari njema. Maana yake petroli ipo, cheche ipo, ila zinakutana wakati usio wao.

Mara nyingi distribyuta imeingia kinyume. Krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti (mhimili unaofungua valvu), kwa hiyo alama ya krenki inakuja kwenye sifuri (pistoni ya 1 ikiwa juu kabisa) mara mbili na moja tu ndiyo ya kuwasha. Toa plagi ya silinda ya 1, ile ya upande wa beliti, ziba tundu kwa kidole, mtu azungushe krenki kwa spana. Upepo ukikusukuma kidole na alama ikafika sifuri, hapo rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, lazima itazame waya wa 1. Kisha mpangilio wa waya ni 1-3-4-2.

Baadaye beliti. Kwenye puli ya kamshafti kuna tundu. Chungulia, unatakiwa uone alama ya kepu ya kamshafti katikati yake wakati krenki iko sifuri. Zungusha krenki mara mbili kamili kwa mkono, kwa kufuata saa, na alama zote zirudi. Ukipima kabla ya mizunguko hiyo unajidanganya, kwa sababu ulegevu wa beliti bado haujakaa upande wake.

Kama alama ya beliti iko sawa na bado injini haina nguvu, angalia gia za kamshafti mbili. Beliti huzungusha moja, nayo huzungusha ya pili kwa gia. Gia ya hiyo ya pili ni vipande viwili vyenye springi katikati, na kabla ya kuitoa ilibidi uifunge kwa boliti ya M6. Anayesahau boliti hiyo hutumia nusu siku kupigana na springi, kisha hufunga jino moja pembeni kwa uchovu.

Isipopiga hata fataki: soketi ambayo haijarudi, fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyiza petroli kwa umeme), kisha cheche, kisha pampu ya petroli. Halafu pima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, kwa geji yake. Plagi zote nje, eksileta imekanyagwa mpaka chini, betri imejaa. Kitabu kinasema psi 191 kwa injini yenye afya na si chini ya 142. Mpya ambayo ringi hazijakaa inaweza kusoma chini kidogo, usiogope. Kinachotakiwa ni silinda zote nne kukaribiana. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili ndani. Ikipanda ni ringi. Isipopanda ni valvu, na mara nyingi ni nafasi ya valvu iliyobanwa mno hivi kwamba haifungi. Valvu za kuingiza hewa zinataka mm 0.15 hadi 0.25 injini ikiwa baridi.

Imewaka? Kabla ya kuondoka unganisha TE1 na E1 (pini mbili za soketi ya uchunguzi chini ya boneti) kwa kipande cha waya na upime taimingi kwa taa ya taimingi: digrii 10 kabla ya sifuri.

Inagonga

Sikiliza mwendo wa mlio. Tiki-tiki nyepesi kutoka juu, polepole kuliko krenki, ni nafasi ya valvu. Mlio wa kopokopo wakati wa baridi unaopotea injini ikipata moto ni pistoni kucheza ndani ya silinda, na kama silinda imechongwa juzi nenda kamuulize mchongaji alipima pistoni ipi.

Mlio mzito wa chini unaozidi ukikanyaga eksileta ndio wa kuogopa. Kabla ya kulia, kagua boliti za flaiwili na ile boliti kubwa ya puli ya krenki, kwa sababu zikilegea hugonga mfano wa mein. Zikiwa imara, zima silinda moja moja kwa kupeleka cheche ya waya wake kwenye chuma, kwa koleo lenye mpira. Silinda ambayo ukiizima mlio unapungua, ndiyo yenye konrodi mbovu. Fanya kwa sekunde chache, uzime injini. Kata filta ya oili, kunjua karatasi yake juani. Injini mpya itakuwa na vumbi la chuma, sawa. Vipande bapa vinavyometa kama maganda ya samaki ni beringi inayoondoka.

Simama hapo. Usiendeshe kwenda gereji, ivute. Beringi ya konrodi ni bei ndogo, ila ikifika kwenye krenki unalipia na kuchonga, na ikitoboa bloku unarudi kununua bloku tupu.

Moshi

Wa bluu kwa kilomita mia chache za mwanzo, unaopungua siku hadi siku: acha. Lakini usiiache injini mpya ikinguruma uani saa nzima "ikae sawa". Ringi hukaa kwa mzigo: panda kilima kwa gia ya tatu, eksileta nusu, halafu achia iteremke yenyewe. Tumia oili ya kawaida ya madini, uimwage kabla ya kilomita 1000.

Wa bluu usiopungua: ringi zimegeuzwa. Maandishi ya ringi ya kwanza na ya pili hukaa juu. Ya pili ikikaa kichwa chini, badala ya kukwangua oili kuirudisha, inaipandisha. Moshi unaotoka asubuhi tu ukiwasha, kisha unaisha, ni sili za valvu. Za kuingiza na za kutoa hazifanani rangi, na ndani ya pakiti zimechanganywa makusudi, nadhani, ili kutupima.

Mweusi ni petroli nyingi: kagua kama sensa ya joto la maji imechomekwa. Mweupe unaonukia utamu wa kulanti (dawa ya maji ya rejeta), usioisha injini ikipata moto, unakwenda sehemu inayofuata.

Inachemsha, au oili imekuwa kama chai ya maziwa

Kabla ya kulaumu gasketi ya hedi, toa hewa kwenye mfumo wa maji. Mfumo mtupu uliojazwa haraka hubaki na puto la hewa. Egesha pua ikiwa juu, fungua hita moto kabisa, jaza polepole mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa baridi, washa, ngoja thermostati ifunguke kwenye digrii 82 hivi, ongeza. Mikono mbali na feni: soketi ya swichi yake ikiwa nje, feni inawaka mara tu ukifungua funguo. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa tambara.

Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, na yakiongezeka ukikanyaga eksileta, ni moshi wa silinda unapenya gasketi. Sababu inayoongoza ni boliti za hedi. Zinabanwa kuanzia katikati kwenda nje, Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, na doa la rangi kwenye kichwa cha kila boliti ili usisahau ipi imepita. Za upande wa sailensa ni ndefu kuliko za upande wa hewa. Matundu yake kwenye bloku lazima yawe makavu. Oili ikibaki chini ya tundu, boliti inaonyesha imebana kumbe inasukuma oili, na bloku inaweza kupasuka hapo hapo, kwa mlio mdogo tu kama kijiti kinavunjika.

Baadaye, hedi iliyopinda. Weka rula ya chuma juu yake, fila geji ya mm 0.05 isipite. Ikipita ni kazi ya kuskimu, yaani kuchonga uso uwe bapa tena. Ufa ukiuona kati ya valvu mbili, au maji yakitokea kwenye oili wakati gasketi ni nzima, usichomelee kwa ushauri wa mtu yeyote aliyepita njia. Peleka ipimwe kwa presha.

Inavuja oili

Ikitoka kati ya injini na gia boksi, kila mtu atakwambia ni sili ya nyuma ya krenki. Inawezekana, hasa kama uliipiga nyundo ikaingia upande. Lakini kabla hujashusha gia boksi, safisha nyuma ya hedi, paka unga wa muhogo au poda ya mtoto kuanzia kava ya valvu mpaka chini, endesha dakika kumi. Oili ya kava ya valvu na ile ya ringi ya mpira ya distribyuta hutelemka nyuma ya bloku na kudondokea pale pale.